Msiniwekee

Nimechoka kusikia jambo hili likisimuliwa vibaya, kwa hiyo nalisimulia mwenyewe. Watu wa ukoo wetu wanapokutana kwenye misiba hupenda kueleza jinsi marehemu mama alivyokataa kukata mkungu wa ndizi wa mwanawe aliyekwenda vitani. Wakishaeleza hutikisa vichwa na kusema, hayo ndiyo mapenzi ya mama. Wanasema hivyo huku wananitazama, wakitegemea nami nitikise kichwa. Huwa natikisa. Lakini mama hakukataa kwa kutaka kwake. Alikatazwa, na aliyemkataza ni mimi, kwa maneno ya uongo, nikiwa na miaka kumi na sita na akili zangu timamu.

Nyumbani tulikuwa watatu tu: mama, kaka na mimi. Baba alifariki nikiwa mdogo sana, na ninachokumbuka ni kikohozi chake na kofia yake iliyoning'inia mlangoni miaka mingi baada ya kikohozi kunyamaza. Alizikwa Kirushya, ndani ya shamba letu la migomba, alikozikwa baba yake pia. Mama aliendelea kulilima shamba hilo akipita kando ya kaburi kila asubuhi na jembe begani, kama mtu anayempitia jirani.

Mama alikuwa fundi wa migomba. Wanawake wengine walilima tu, yeye alikuwa anaikagua kama mwalimu anavyokagua daftari. Kanuni yake ilikuwa moja: kila shina liwe na mama, mtoto na mjukuu, basi. Machipukizi mengine yote yang'olewe. Mgomba hauzai mara mbili, alituambia. Ukishazaa unaukata, mtoto wake anashika zamu. Ukiuonea huruma ukauacha umesimama, unanyonya chakula cha wanawe na shina zima linadumaa. Alitufundisha hayo kabla hatujajua kuhesabu, na aliyekosea alipigwa kofi dogo la kisogoni.

Kwetu kitovu cha mtoto kikikatika kilizikwa chini ya mgomba, na tangu siku hiyo shina lile lilikuwa la mtoto huyo. Kulikuwa na shina la kaka na shina langu. Mkungu wa shina lako ulikatwa wewe ukiwepo, na wewe ndiye uliyeonja kwanza kabla ya mtu yeyote kuweka mkono kwenye sahani. Kama ulikuwa unasafiri, uliacha neno. Ulisema ukatwe, au ulisema ungoje. Neno lako halikuvunjwa, hata ukiwa mtoto wa miaka saba unayekwenda kwa shangazi siku tatu. Ilikuwa ni heshima ndogo ambayo kila mtu nyumbani alipewa, na sisi watoto tuliifurahia kuliko nguo ya Krismasi.

Mwaka wa operesheni ya vijiji tuliambiwa tuhamie kando ya barabara, mahali ambapo shule, zahanati na bomba la maji vingetufikia. Sitaki kubishana na hilo leo, umri wangu hauruhusu. Shule ilikuja, nami nilisoma mpaka darasa la saba. Bomba halikuja. Lori la kutuhamisha lilifika wakati wa kiangazi likiwa na mgambo wawili, nao wakasema kila kaya ina safari moja. Majirani walipakia vitanda, vyungu, mbuzi, hata milango. Mama alipakia machipukizi mawili aliyoyang'oa pamoja na udongo wake na kuyafunga kwa maganda ya mgomba, moja la shina la kaka na moja la shina langu. Kitanda chetu kilibaki. Dereva alimwuliza kama huko tuendako watu wanalalia migomba. Mama alikaa nyuma kabisa, ameyapakata yote mawili, na vumbi lote likawa lake.

Kijiji kipya kilipangwa kwa mistari. Nyumba ilitazamana na nyumba, ukipiga chafya jirani alikuombea afya. Ardhi ilikuwa ya changarawe, na bwana shamba aliyetutembelea alitushauri tulime mihogo kwa kuwa migomba haingeota. Mama alimwitikia kwa adabu. Alipoondoka, mama alichimba mashimo mawili yaliyomfika kiunoni, akayajaza majivu, samadi na majani makavu aliyoyasomba kwa siku kadhaa, akapanda.

Chipukizi langu lilikauka kabla ya mvua. Mama alishtuka. Kwa wiki nzima kila asubuhi alikuwa ananishika paji la uso, ananitazama macho, ananiuliza kama tumbo liko salama. Sikuugua hata mafua. Wajukuu wangu wakianza kuniletea mambo ya ndoto na ishara huwaambia habari hii. Langu lilikufa nami nipo hapa nagombana nao. La kaka ndilo lililonawiri.

Sasa niseme juu ya kaka. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, mzito wa kusema, na alikuwa mlaji. Alipenda kula kuliko watu wote niliowahi kujuana nao. Alikula ukoko wa chini ya sufuria. Akienda mbali, neno lake la mwisho mlangoni lilikuwa lilelile kila siku: "Mniwekee." Alilisema akiwa amekwisha kutupa mgongo, na mama alimwitikia bila kuinua uso. Kisha mama alipakua sehemu yake kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka juu ya kichanja. Sikumbuki hata siku moja ambayo sahani hiyo haikukutwa tupu.

Mikungu miwili ya kwanza kwenye ardhi mpya ilikuwa ya aibu, mtu angeweza kuiweka mfukoni. Wa tatu ulikuja na chane nyingi, vidole vinene, ukaunamisha mgomba mpaka kaka akautegemeza kwa mti wenye panda. Majirani walikuja kuutazama. Bwana shamba naye alikuja, akautazama, akasema changarawe ya upande huu ni tofauti. Ni katika msimu huo ambapo redio ya jirani ilianza kutangaza habari za vita huko kaskazini ya mkoa wetu.

Siku waliyomchukua kaka, mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda mahameni kwetu, Kirushya, kung'olea magugu kaburi la baba. Tulikuwa tumekatazwa kurudi kwenye mahame, lakini yeye alikwenda kila alipopata upenyo, akisema amekwenda kukata nyasi. Lori lilikuja mchana kuchukua vijana waliokuwa wamepitia mgambo. Nilikuwa uani napeta maharage. Kaka aliingia, akachukua shati lake na blanketi, akavifunga. Alitoka akasimama mbele ya mgomba wake. Mkungu ulikuwa umebakiza kama mwezi mmoja ukomae. Aliugongagonga kwa kidole cha kati kama mtu anayebisha hodi.

Tulikuwa tunasema Kihangaza nyumbani, lakini maneno yake yalikuwa machache na yanaingia kwenye Kiswahili bila kupungua.

"Mwambie mama, mkungu ukikomaa aukate, mle," alisema. "Msiniwekee."

Nilimwuliza atarudi lini. Alisema lori linamngoja. Akanifinya shavu, jambo ambalo nilikuwa nalichukia, akaenda.

Nilibaki nimeshika ungo. Ukitaka kujua kilichonitisha, si lori. Lori nililiona kila wiki. Kilichonitisha ni kwamba tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia mtu yule akisema asiwekewe chakula. Mtu anayetarajia kurudi husema awekewe. Kaka alikuwa ametuaga, na alikuwa amechagua maneno ambayo mama angeyaelewa hata kama angeyasikia akiwa usingizini.

Mama alirudi jua likiwa limeinama, na mzigo wa nyasi kichwani. Alikuwa amekwisha kuambiwa huko njiani. Alisimama mlangoni bila kutua mzigo, akaniuliza, "Ameacha neno gani?"

Nilikuwa nimeyarudia maneno yale mchana kutwa ili nisiyakosee. Nikafungua kinywa nikasema, "Amesema mkungu wake usikatwe mpaka arudi."

Mama alitua mzigo. Uso wake, uliokuwa umekaza kama ngozi iliyowambwa, ulilegea. Alisema, "Mtoto huyu na tumbo lake," akaingia ndani kuwasha moto. Nami nilijisikia vizuri. Niseme kweli, usiku ule nililala vizuri kabisa. Nilijua nimefanya jambo jema, na kwamba nitalirekebisha baadaye, mambo yakitulia.

Mkungu ulikomaa. Mama aliutazama kila asubuhi na hakuugusa. Ulianza kuiva juu ya mgomba, kwanza kidole kimoja cha juu, halafu chane nzima, na ndege wakaanza kuja. Wakati huo chumvi haikupatikana, sabuni haikupatikana, na watu walikuwa wanakula mihogo mchana na jioni, sisi pia. Harufu ya ndizi mbivu ilitanda mpaka barabarani. Mke wa balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kusema na mama kwa sauti ya mtu anayemsemesha mgonjwa.

"Mama, chakula kinaharibika."

"Mwenyewe ameacha neno," mama alimjibu.

Mke wa balozi aliaga, kwa sababu na kwao ilikuwa hivyohivyo. Angekuwa mtu wa kutoka mbali angebishana. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwao namenya muhogo. Nilimenya mpaka muhogo ukabaki mwembamba kama kidole changu. Kusema ukweli wakati ule ingekuwa ni kumwambia mama kwamba mwanawe alikwenda akijua harudi, na kwamba nilimficha hilo kwa mwezi mzima. Kila siku niliyokaa kimya ilifanya siku iliyofuata iwe ngumu zaidi. Ndizi zilidondoka moja moja, na siafu wakazimaliza.

Kisha mgomba wenyewe ulioza ukaanguka, nao ukaachwa hapohapo ulipoangukia. Mama, aliyekuwa akitupiga kofi kwa kusahau kung'oa chipukizi moja, sasa hakuruhusu lolote ling'olewe kwenye shina lile. Alisema mwenyewe hajaonja, hawezi kukatiwa. Machipukizi yaliota kila upande. Shina likawa kichaka, migomba myembamba iliyokimbilia juu kutafuta mwanga, na kila mkungu ulikuwa mdogo kuliko uliotangulia, nao ukaachiwa ndege. Niliona watu wakipita barabarani wakipunguza mwendo kutazama. Fundi wa migomba, shamba lake la mbele liko hivyo.

Jioni, sahani yenye maua mekundu ilipakuliwa kama kawaida. Ilifunikwa, ikawekwa juu ya kichanja. Kutupa chakula ilikuwa ni dhambi, kwa hiyo kesho yake mchana kiporo kile kilikuwa changu. Muhogo wa baridi, maharage yaliyoganda. Nilikula viporo vya kaka yangu kwa miaka mitatu. Nilivila na kuvimaliza, na kila nilipoirudisha sahani tupu mama aliipokea, akaiosha na kuiweka tayari kwa jioni.

Vita vilikwisha. Malori yalirudi na vijana wakiimba, na sisi tulisimama kando ya barabara siku baada ya siku. Mama alikuwa anatazama nyuso zote za lori moja kabla ya kutazama lori la nyuma yake, kwa utaratibu, kama anavyochambua mbegu. Malori yalipokoma alisema wengine wamebaki huko kulinda. Ilikuwa kweli, wengine walibaki.

Baada ya muda alirudi kijana wa kijiji cha jirani, mguu wake mmoja umekaza. Hakuja kwetu. Alikwenda kwa balozi, na asubuhi moja balozi na mwenyekiti wa kijiji walikuja wamevaa makoti. Ukiona watu wawili wamevaa makoti na jua limewaka, huhitaji kuambiwa. Mama aliwawekea viti. Mimi niliwaamkia shikamoo, wakaitikia bila kunitazama.

"Mama," mwenyekiti alisema, "tumeleta habari nzito. Mwenzake amerudi. Anasema walikuwa pamoja, na kijana wetu alianguka mbele ya macho yake. Anasema yeye na wenzake ndio waliomfukia."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na Kiswahili cha kutumia na watu wa ofisi, kilichochanganya l na r, na alikitoa kwa utulivu.

"Asante kwa habali, mwenyekiti. Lakini kijana wangu ameacha neno. Huyu hapa mdogo wake ndiye aliyepewa." Akanigeukia. "Waambie."

Wazee wawili walinitazama. Nilikuwa nimekwisha kuwa msichana mkubwa, si mtoto. Nilijua kuwa ni hapa pa kusema kweli. Balozi alikuwa amenishikilia kwa macho kama anayeniomba nimsaidie. Nikasema, "Alisema mkungu wake usikatwe mpaka arudi."

Mama akainua mikono kidogo kuwaonyesha kwamba jambo limekwisha. Wazee walikunywa maji waliyopewa, wakaondoka. Hakukuwa na matanga nyumbani kwetu. Hakuna aliyelia, kwa kuwa ukilia mama angekuuliza nani kafa.

Watu husema uongo una miguu mifupi. Wangu ulikuwa na kiti, ulikaa nasi, ulikula nasi. Na baada ya hapo ulianza kula vya kwangu mimi.

Kulikuwa na fundi seremala kutoka Bisibo, wilaya ya Biharamulo, aliyeletwa kutengeneza madawati ya shule. Alikuwa mtu wa utani mwingi, vidole vimejaa makovu ya patasi. Alianza kwa kupita kwetu kuomba maji, kisha akawa anapita hata akiwa hana kiu. Mwishoni alileta wazee wake. Mama aliwapokea kwa heshima zote, akawapikia, akawaambia kwamba wamekuja nyumba njema lakini wamekuja mapema. Anayepaswa kukaa kwenye kiti cha baba yake na kupokea posa yuko safarini. Waje atakaporudi.

Alikuwepo baba mdogo, aliyekaa Murukulazo, mzima wa afya, na angeweza kukaa kwenye kiti hicho. Lakini kumwita kungekuwa ni kusema kwamba kaka hayupo. Mama hakusema hivyo, na mimi nilikuwa wa mwisho mwenye haki ya kumwambia aseme.

Madawati yalikwisha. Fundi alirudi kwao na kusema atangoja. Aliongeza kuwa yeye hana haraka ila wazee wake wanayo. Mwaka ulipita. Nilikuwa nalima shamba la kijiji, nachota maji, nakula kiporo. Nilianza kumchukia kaka. Nilimwona amekaa mahali ameshiba, mimi namaliza mabaki yake. Kisha nilikuwa najichukia mimi, na hapo ndipo chuki ilipokuwa mahali pake. Mwishowe mtu mmoja aliyekuja kununua maharage aliniletea salamu kutoka Bisibo: wazee wamesema mavuno haya yasipite bila jibu.

Jumapili iliyofuata nilimwambia mama tumbo linaniuma. Alikwenda kanisani peke yake. Nilichukua panga lake mwenyewe, nikaenda kwenye kichaka kile mchana kweupe, barabara yote inaniona. Kulikuwa na mgomba mmoja wenye mkungu mdogo uliokomaa. Nilianza na huo. Niliukata mkungu nikauweka juu ya majani, kisha nikaukata mgomba, kisha wa pembeni yake, kisha mwingine. Sikuwa nachagua. Nilikuwa natokwa na jasho na machozi na utomvu, na shati langu lilikuwa limeharibika. Nilipogeuka mama alikuwa amesimama nyuma yangu na rozari mkononi.

Hakupiga kelele. Alisema, "Nani amekupa ruhusa?"

"Mwenyewe," nilisema.

Nikamwambia yote. Ungo, maharage, lori, kidole kilichogonga mkungu. Nilimwambia kwamba nilimdanganya siku ileile mlangoni, na kwamba niliwadanganya mwenyekiti na balozi mbele yake. Alinisikiliza kama alivyowasikiliza wale wazee, mpaka mwisho.

"Yaseme kama alivyoyasema," aliniambia. "Usiongeze."

"Mwambie mama, mkungu ukikomaa aukate, mle. Msiniwekee."

"Alisema msiniwekee?"

"Ndiyo, mama."

Alikaa chini juu ya mgomba nilioangusha. Alikaa kwa muda mrefu kiasi kwamba watu waliotoka kanisani walikwisha wote kupita. Nilikuwa nangoja anilaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, hata nilikuwa nalihitaji. Aliponisemesha, sauti yake ilikuwa ya kawaida, yenye hasira ya kawaida.

"Na mihogo yote ile tuliyokula," alisema.

Sikujua nifanye nini na uso wangu. Nadhani nilicheka, na nadhani yeye pia alitoa kitu kama kicheko, halafu kikageuka. Alilia kwa mara ya kwanza tangu lori lile. Alilia akiwa amejikunja, rozari imebanwa tumboni. Nilipotaka kumshika alinisukuma mkono.

Kisha akainuka, akaninyang'anya panga. Nilirudi nyuma. Yeye aliinama kwenye kisiki nilichokiacha.

"Kisiki hakiachwi kirefu hivi," alisema. "Maji yatatuama humu, fukusi wataingia. Nimewafundisha mara ngapi?"

Alikikata tena, chini kabisa, kwa mshazari. Alifanya hivyo kwa kila kimoja nilichokuwa nimekiharibu, akifuta pua kwa kiwiko. Alikizunguka kichaka mara mbili, akachagua mgomba mmoja, mtoto wake mmoja na kichipukizi kimoja kidogo, na vingine vyote akaving'oa. Shina likabaki jembamba na tupu, mtu angeweza kuona barabara kupitia hapo. Alitandaza majani makavu juu ya visiki, akayakanyaga kwa miguu yake.

Ndizi za mkungu ule tulizipika na maharage jioni hiyo. Zilikuwa vidole vidogo visivyo na ladha kubwa. Mama alipakua sahani yangu, akapakua yake. Sahani yenye maua mekundu ilikuwa ukutani. Aliitazama, akabaki na mwiko hewani, kisha akaurudisha mwiko kwenye sufuria na kukaa. Alionja yeye kwanza. "Kula," aliniambia, "kabla hazijapoa." Asubuhi, kwa mara ya kwanza, hakukuwa na kiporo.

Tulikaa matanga, kwa kuchelewa miaka mitatu. Watu walikuja kana kwamba walikuwa wamesimama nje ya mlango muda wote huo wakingoja kufunguliwa. Balozi alikuja na mkewe, na yule kijana wa mguu uliokaza alikuja, akakaa na mama uani tangu asubuhi mpaka jioni akimweleza. Padri alisoma misa. Mama hakumwambia mtu yeyote kuhusu neno la uongo. Aliwaacha waamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa amekataa, na alipoulizwa alisema alikuwa amechanganyikiwa. Alinibebea hilo mpaka alipofariki. Sijui kama lilikuwa ni msamaha. Sikuwahi kumwuliza, na sasa nimechelewa.

Baba mdogo alikuja kutoka Murukulazo, akakaa kwenye kiti, akapokea posa. Siku ya kuondoka kwangu kwenda Bisibo nilimwomba mama chipukizi la shina la kaka. Nilikuwa nimeandaa hata maganda ya kulifungia. Alikataa.

"Huko ardhi ni nyingine," alisema. "Utapanda ya huko."

Niliumia. Nilipanda lori nikiwa nimenuna, mikono mitupu, naye alisimama kando ya barabara bila kupunga. Nilipokuwa naaga nilikuwa nimemwambia, kwa mazoea ya nyumba ile, "Mniwekee." Hakuniitikia. Baadaye jirani aliniambia kuwa jioni hiyo alipika kidogo, chakula cha mtu mmoja, akala, akaosha sufuria, akalala. Ilinichukua miaka mingi kuacha kumnunia kwa sufuria hiyo.

Fundi wangu naye ametangulia. Watoto wameenda zao, mmoja Mwanza, mmoja nchi nisiyojua hata jina lake. Mimi ni mwanamke niliyejifunza jambo hili kwa panga, mchana, mbele ya kijiji kizima, kwa hiyo sihitaji kufundishwa na mtu. Mtoto akiaga namwuliza tuweke au tusiweke. Akisema msiniwekee, namwambia haya, safari njema, na siweki. Nimewaambia wajukuu wote kwamba bibi yenu haweki.

Jana mmoja wao aliaga akisema msiniwekee, nami niliweka. Leo mchana nimekula kiporo, peke yangu, nimesimama mlangoni nikitazama barabara.